Sura ya Tano: Katika Kuchagua Vita vya Merikebu Ndogo

Mtu aliyekwisha kupendezwa na mchezo wa vita vya baharini, ule unaochezwa kwa merikebu ndogo juu ya meza, aghalabu huanza kwa kuuliza ni kitabu kipi cha kanuni kinachosifiwa zaidi na ni merikebu za kiwanda gani zilizo nzuri kupita nyingine. Na maswali hayo, ingawa si ya kipuuzi, yamekaa mahali pa swali jingine lililostahili kutangulia. Swali lenyewe ni la bahari: ni maji gani unayotaka kuyatandaza mezani, na ni nahodha gani, mwenye shida gani, unayetaka kuketi katika kiti chake? Aliyelijibu hilo atakuta kwamba kitabu, kipimo, idadi ya merikebu, na hata ukubwa wa meza, vyote vimekwisha kukaribia kujichagua vyenyewe. Na asiyelijibu atanunua manowari thelathini za vita visivyomhusu, azipange kabatini, na mwaka upite bila hata moja kuteremshwa mezani.

Mchezo wenyewe, kwa mukhtasari, ni huu. Hutandikwa kitambaa cha rangi ya bahari, hukatwa kadibodi kwa sura ya pwani na mafungu ya mchanga, na kila mchezaji hupewa merikebu moja au zaidi, ambazo mwendo wake hupimwa kwa rula na nguvu za mizinga yake husomwa katika jedwali. Wachezaji huandika amri zao kwa siri, kila mmoja katika karatasi yake, kisha amri hufunuliwa na merikebu zote husogezwa kwa wakati mmoja, kwa sababu baharini hakuna anayengoja zamu. Na lile linalobaki kwa bahati, yaani kama kombora limepata au limekosa, huamuliwa kwa dadu. Wacheza bao wa huku kwetu, kuanzia Mwera hadi Tanga mjini, wataona mara moja ni nini kilichoongezwa: katika bao kila kete iko wazi machoni pa wote, ilhali hapa nia ya mwenzako imefichwa, na ufundi mkubwa ni wa kukisia amri aliyoiandika kabla hajaifunua.

Wala msomaji asidhani kwamba haya ni maskhara ya watu wazima waliokosa kazi. Mwingereza Fred T. Jane, ambaye jina lake hata leo limo katika vitabu vya kila mwaka vya manowari za dunia, alitoa kanuni za mchezo wake mwaka 1898, na kitabu chake cha kwanza cha kuorodhesha manowari za mataifa yote, kilichotoka mwaka huohuo, kilikwenda sambamba na mchezo ule, maana mchezaji hakuweza kupigana sawasawa bila kujua unene wa chuma cha adui na uzito wa mizinga yake. Kupiga katika mchezo wa Jane hakukuwa kwa dadu: mchezaji alishika kijiti chenye ncha ya sindano akakipiga juu ya picha ya manowari ya adui, na palipotoboka ndipo kombora lilipohesabiwa kuwa limeangukia. Huko Newport, nchini Marekani, chuo cha vita vya bahari kilianza kucheza vita mezani katika miaka ya 1880, na Admirali Chester Nimitz, aliyeziongoza manowari za Marekani katika Bahari ya Pasifiki, alikiri baada ya vita kwamba karibu kila lililotokea katika kupigana na Wajapani lilikuwa limekwisha kuchezwa pale chuoni, isipokuwa wale marubani waliojitosa pamoja na ndege zao juu ya manowari. Na katika mji wa Liverpool, mwaka 1942, Kapteni Gilbert Roberts na wasichana wa jeshi la majini walichora bahari sakafuni, wakawafundisha makamanda wa misafara ya meli namna ya kuzisaka nyambizi za Kijerumani. Makamanda hao walichungulia vitani kupitia nafasi nyembamba za pazia, ili wasione zaidi ya kile ambacho wangekiona wakiwa juu ya sitaha usiku wa dhoruba.

Kuna kisa kimoja katika historia hii ambacho kila anayechagua mchezo angefaa kukiweka moyoni kabla ya kutoa senti yake. Mwezi wa Mei 1942 maofisa wa Japani walikutana juu ya manowari Yamato kucheza mezani vita vya Midway walivyokusudia kupigana mwezi uliofuata. Mwamuzi akatupa dadu kwa niaba ya ndege za Marekani, ikatoka hesabu mbaya, na meli za kubebea ndege Akagi na Kaga zikahukumiwa kuwa zimezama. Hapo Admirali Ugaki, mkuu wa mchezo, akaipunguza hesabu ya mabomu kwa kauli yake mwenyewe, Akagi ikaponea, na baadaye hata Kaga ikafufuliwa ili mchezo uendelee. Mwezi wa Juni meli zote mbili zilizama kwelikweli, pamoja na nyingine mbili. Kwa hiyo, kabla ya kitabu na kabla ya rangi, tafuta katika jamaa zako mtu mmoja mwenye insafu, asiyeona haya kumwambia shemeji yake kwamba meli yake imezama, umfanye mwamuzi. Na ukimkosa mtu wa namna hiyo, chagua kanuni nyepesi zisizohitaji mwamuzi, hata kama ni duni.

Baada ya hayo huja suala la kipimo, nalo ni suala ambalo wengi huliharakisha na kulijutia. Kipimo cha moja kwa 1,200 maana yake ni kwamba mita 1,200 za kweli zimekuwa mita moja ya mezani, na kipimo cha moja kwa 3,000 ni hivyo hivyo kwa kiasi chake. Sasa itazame manowari Königsberg ya Wajerumani, ambayo watu wa pwani hii waliijua kwa macho mwaka 1914, na ambayo urefu wake ulikuwa kama mita 115: katika kipimo cha kwanza huwa na urefu unaokaribia sentimita kumi, ambao ni mzuri kwa macho na kwa vidole, na katika kipimo cha pili haifiki hata sentimita nne. Lakini Königsberg ilipoishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ilianza kupiga kwa umbali wa yadi zipatazo 9,000, ambazo ni kama mita 8,200, na mita 8,200 kwa kipimo cha moja kwa 1,200 ni karibu mita saba, yaani sebule haitoshi na wachezaji watatoka uani. Kwa kipimo cha moja kwa 3,000 ni kama mita mbili na robo tatu, ambazo jamvi kubwa linaweza kuzibeba. Ndiyo sababu vitabu vingi vya kanuni hutumia kipimo kimoja kwa merikebu na kingine kwa bahari, ili merikebu zionekane na meza itoshe. Hila hiyo naikubali kwa shingo upande, maana jicho hudanganyika likaona manowari mbili zinakaribia kugongana ilhali kwa hesabu ziko mbali maili nzima.

Kwa mkaazi wa Mwera, ambako mtu akitaka hata rangi ya mafuta huenda Bweni akavuka mto kwa kivuko hadi Pangani mjini, ipo hoja nyingine ya kupendelea kipimo kikubwa, nayo ni kwamba merikebu hizo atazichonga mwenyewe. Mti unaofaa uko tele: ule mhimili mrefu unaochipuka katikati ya mkonge unapokaribia kufa, ambao ukikauka huwa mwepesi na laini, wala hausumbui kisu. Manowari ya sentimita kumi yaweza kuchongwa na mtu yeyote aliyewahi kumchongea mtoto ngalawa; ya sentimita nne inataka viwanda na risasi ya kuyeyushwa. Na kwa vyombo vidogo, kama jahazi na mashua za doria, kipimo cha moja kwa 300 ndicho kinachofaa, kwa kuwa jahazi la mita 18 huwa la sentimita sita, na foromali yake huweza kufanywa kwa njiti ya kweli ikafungwa kwa uzi. Kampuni ya Warlord ya Uingereza ilipotoa mchezo wa Cruel Seas mwaka 2018, wa mashua za kivita za Vita Vikuu vya Pili, ilichagua kipimo hicho hicho, na mtu anaweza kuzitwaa kanuni zake nyingi za mwendo akaziacha mashua zenyewe.

Nimefika sasa penye kiini cha sura hii, nacho ni kuchagua tukio. Kosa la kwanza la wageni wa mchezo huu ni kulipenda tukio kwa ajili ya umaarufu wake. Mapigano ya Unguja ya tarehe 20 Septemba 1914, niliyoyataja hivi punde, ni maarufu kweli, lakini si mchezo. Pegasus ilikuwa imetia nanga kwa matengenezo ya mitambo yake, mizinga yake ya inchi nne haikufika ilipokuwa Königsberg, na nahodha wake hakuwa na la kuchagua ila kuvumilia na kuhesabu maiti. Atakayeketi katika kiti kile jioni nzima atakuwa mtazamaji wa kufa kwake. Kadhalika vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyoanza mnamo saa tatu asubuhi na kwisha katika muda wa dakika zipatazo arobaini: upande mmoja manowari tano za Kiingereza chini ya Admirali Rawson, na upande wa pili jumba la Sayyid Khalid bin Barghash pamoja na merikebu moja, Glasgow, ambayo aliijengesha Sultani Barghash kuwa merikebu yake ya fahari na ambayo mizinga yake ilikuwa midogo. Glasgow ilipiga, ikazamishwa, ikabaki na milingoti juu ya maji. Haya ni mambo ya kusomwa na kuhuzunikiwa. Mezani hayana uhai, kwa sababu mchezo hauko mahali ambapo mtu mmoja tu ana uamuzi.

Na vita vya Tanga vya Novemba 1914 navyo huwahadaa watu, hasa sisi tuliozaliwa katika mkoa huu na kusimuliwa tangu utotoni habari za nyuki waliowavamia askari vitani. Jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Uhindi lilifika na manowari Fox ikitangulia. Tarehe 2 Novemba nahodha wake, Caulfeild, aliingia bandarini kuutaka mji usalimu amri, akatoa muda, na Wajerumani wakautumia muda ule kumwita kamanda wao Lettow-Vorbeck na askari wake waje kwa reli. Msomaji ataona kwamba hapo umo uamuzi mmoja mkubwa wa baharini, yaani kushuka pwani leo au kungoja, kuhofia mabomu ya majini au kuyapuuza. Walakini baada ya uamuzi huo vita huhamia Ras Kasone na mashamba ya nyuma ya mji, na manowari hubaki ikipiga mizinga juu ya vitu isivyoviona. Anayetaka kuvicheza avicheze kama vita vya nchi kavu, na Fox iwe ukumbusho tu pembeni mwa meza.

Kinyume chake ni vita vya Rufiji, ambavyo ni vizuri mno na virefu mno. Königsberg iligunduliwa katika delta mwishoni mwa Oktoba 1914. Waingereza wakazamisha meli kuukuu Newbridge mwezi wa Novemba ili kuziba njia mojawapo, wakaleta ndege, na mwishowe, Julai 1915, zikaja manowari mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni, zikaishambulia tarehe 6 bila kuimaliza na kuimaliza tarehe 11. Humo mna kila kitu: mikoko, maji kujaa na kupwa, mizinga iliyofichwa kingoni, rubani anayeashiria kombora lilikoangukia, na nahodha Max Looff anayepungukiwa na makaa na dawa. Ila ni mchezo wa miezi minane, nao unataka ukumbi wa watu sita wasiochoka na mwamuzi mwenye madaftari. Wenye jamaa ya namna hiyo wasisite. Mimi naungojea wakati wake.

Tukirudi nyuma kwenye zama za tanga na makasia, chaguo ni kubwa na vitabu ni vichache. Mapigano ya Mombasa ya mwaka 1589, pale Mir Ali Bey na merikebu zake za makasia alipozibwa ndani ya hori na jeshi la Wareno la Tomé de Sousa Coutinho lililotoka Goa, huku Wazimba wakingoja ng'ambo ya maji, ni mchezo wa watu watatu wasioaminiana, na michezo ya watatu wasioaminiana mara nyingi ndiyo inayokumbukwa. Lakini hapa sharti niseme neno juu ya upepo. Vitabu vya Kizungu vya zama za matanga, vikiwemo vipya kama Black Seas cha mwaka 2019, vimeandikwa kwa ajili ya merikebu za matanga ya mraba. Na mtu akichukua kanuni zile akaziweka juu ya jahazi, atapata chombo ambacho hakijawahi kuelea katika bahari yetu. Jahazi halipitishi omo katika upepo kwa wepesi, kwa kuwa foromali iko mbele ya mlingoti: aghalabu hugeuka kwa tezi, tanga likalegezwa, foromali ikasimamishwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kazi inayotaka mikono mingi na kupoteza maji mengi ya nyuma. Kwa kanuni za mezani maana yake ni hii: jahazi linalobisha lipoteze mwendo wa zamu nzima na lirudi demani kwa kiasi fulani kila ligeukapo, na mabaharia wakipungua kwa risasi, kugeuka kuwe kugumu zaidi. Sheria hiyo moja, ambayo inaandikika katika mistari mitatu, hubadili vita vyote, maana aliye joshi hubaki bwana na aliye demani lazima afikiri mapema.

Fauka ya upepo kuna maji. Kitabu kisichokuwa na maji kujaa na kupwa hakiifai Mrima hata kidogo. Wakati wa bamvua maji huku kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na fungu ambalo maji yakijaa lilikuwa njia ya mashua, yakipwa huwa mahali pa watu kuokota chaza. Wavuvi wa Ushongo wanaokwenda Maziwe hawahitaji kuambiwa hilo, lakini mwandishi wa kanuni aliyekaa Nottingham anahitaji. Ongeza kwa mkono wako: kila zamu kadhaa pwani ya kadibodi ibadilishwe kwa nyingine pana zaidi au nyembamba zaidi, na merikebu iliyokutwa juu ya fungu ikae hapo mpaka maji yarudi.

Hapa Pangani yenyewe tuna tukio letu, nalo nimelifikiria sana. Agosti 1888 watu wa Kampuni ya Kijerumani waliitwaa Pangani wakisaidiwa na manowari Carola, mji ukapandwa na hasira, na Abushiri bin Salim al-Harthi akasimama kuongoza vita vya pwani. Mwisho wa mwaka ule manowari za Wajerumani na Waingereza zikaizingira pwani, na Julai 1889 mji ukapigwa mizinga kutoka baharini na askari wa kamanda wa Kijerumani Wissmann wakashuka. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Wapo wanaosema mambo ya namna hii yasichezwe kamwe. Mimi sisemi hivyo, lakini nasema kwamba sehemu ya kupigwa mji ni sawa na ile ya jumba la Khalid, haina kiti cha pili. Sehemu inayochezeka ni ile ya kuzingirwa: majahazi yanayopitisha shehena usiku kwa umande na mashua za manowari zinazoyavizia, kwenye mlango wa mto ambao mchanga wake huzizuia manowari kubwa zisikaribie. Hapo mwenyeji ana elimu ya maji na mgeni ana mvuke, na ushindani ni wa haki.

Mchezo unaofanana na huo, na ambao baadhi ya wachezaji wa Ulaya huupenda, ni wa mashua za HMS London zilizokuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa toka Unguja katika miaka ya 1870 na 1880. Kisa cha Desemba 1881, pale Kapteni Brownrigg alipouawa karibu na Pemba baada ya kulisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, ni tatizo la kweli la uamuzi: bendera ile ilimkataza kulipekua, na kutolipekua kulimwachia adui nafasi. Nakiri uzuri wa tatizo. Hata hivyo sina moyo wa kumketisha kijana katika kiti cha mwenye shehena ile, akashinda kwa kuwafikisha watu waliofungiwa ngamani. Anayeweza na auchague, mimi nimeuacha.

Sasa juu ya vitabu vya kanuni, nitapita upesi, kwa sababu tukio likishachaguliwa kitabu hakina fahari kubwa. General Quarters, kilichoandikwa na Lonnie Gill katika miaka ya 1970, ni chepesi na cha haki kwa manowari za chuma, na vita vya manowari nne huisha kati ya alasiri na magharibi, kiasi ambacho naona ndicho kipimo bora cha mchezo wowote. Harpoon, cha Larry Bond, ambacho mwandishi wa riwaya Tom Clancy alikitumia katika kutunga, ni cha makombora na rada za zama zetu. Kina elimu nyingi, lakini mchezaji huonana na karatasi zaidi ya kuonana na bahari. Na kuna kitabu kimoja cha kale ambacho nakipendekeza kwa sababu isiyofikiriwa na wengi. Fletcher Pratt wa New York, aliyecheza na wenzake kabla ya Vita Vikuu vya Pili kwa manowari za mti zilizotambazwa sakafuni, hakutumia dadu katika kupiga: mchezaji alilala kifudifudi nyuma ya manowari yake, akakisia kwa macho umbali wa adui kwa inchi, akauandika, kisha wakapima kwa utepe na kombora likaanguka pale pale alipokisia. Wako wazee wengi katika pwani hii wasiotaka kuiona dadu nyumbani mwao, kwa kuwa ni chombo cha kamari na dini imeikaripia. Na mtu mwenye baba wa namna hiyo, badala ya kujificha na kitambaa chake chumbani, amwalike mzee akisie umbali. Jicho lililozoea kupima bahari kwa miaka hamsini hukosa kwa nadra.

Kwa anayeanza, ziwani kuna mchezo mdogo ulio mkamilifu. Waingereza walizileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita kama 12, kutoka London hadi Cape Town, kwa reli hadi Kongo, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba mpaka Ziwa Tanganyika; na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mzinga wa Kingani ulipiga mbele tu, na ya Mimi na Toutou vilevile ilitaka omo ielekezwe kwa adui, kwa hiyo vita vyote ni vya kuviziana kwa pembe: kila mmoja ataka kumpata mwenzake kwa nyuma bila kumpa mgongo. Vyombo vitatu, kipimo cha moja kwa 300, meza ya kulia chakula. Kasoro yake ni kwamba ziwa halina mafungu wala bamvua, na mtu wa Mrima atajihisi amechezea sahani.

Ndiyo maana, nikiulizwa na kijana wa Mwera au wa Tanga achague nini kwanza, namwambia achague Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, tarehe 14 Aprili 1915. Meli ya mizigo Rubens, iliyokuwa ya Kiingereza na kutwaliwa na Wajerumani, ilitoka Ujerumani mwezi wa Februari ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, nahodha wake akiwa Carl Christiansen, ikizunguka Afrika na makaa kwa ajili ya Königsberg na bunduki na risasi kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Manowari Hyacinth, akiwemo Admirali King-Hall, iliivizia. Lakini wakati wa kuifukuza mtambo wake mmoja uliharibika, Rubens ikaingia ghubani, na nahodha akaizamisha katika maji ya kina kidogo. Hyacinth ikafika, ikaipiga mizinga mpaka ikawaka moto, kisha ikaondoka ikidhani kazi imekwisha.

Tazama jinsi viti viwili vilivyojaa uamuzi. Christiansen lazima achague: akimbie baharini, aingie ghuba, au aielekeze meli mwambani; na akiingia, azamishe mahali gani, maana kina kikizidi mzigo umepotea na kikipungua moto utaula. King-Hall hajui kama hii ni Kronborg ya kweli ya nchi isiyopigana, hajui kama pwani ina mizinga iliyofichwa, na mtambo wake waweza kuharibika: mwamuzi atupe dadu kwa siri, au, kwa nyumba isiyotaka dadu, avute komwe moja iliyotiwa alama kutoka mfukoni. Merikebu ni mbili tu. Za mti wa mkonge zitachongwa kwa juma moja. Kanuni za mizinga zaweza kutwaliwa kutoka General Quarters au kwa Pratt, yaliyobaki ni mwendo, kina na maji kupwa, na wachezaji wawili watamaliza kabla ya adhana ya magharibi, kisha wakabadilishana viti kesho yake.

Jambo la kuangaliwa sana ni alama za ushindi, kwa sababu hapo ndipo watungaji wengi huharibu. Ukimpa Hyacinth ushindi kwa kuiteketeza meli, umeandika mchezo ambao King-Hall aliushinda, na mchezaji wake atapiga mizinga tu bila kufikiri. Hesabu mzigo: kila sehemu ya shehena iliyobaki katika kina cha kuweza kuopolewa baada ya manowari kuondoka ni alama kwa Christiansen, na kila saa ambayo Hyacinth inakaa karibu na pwani ngeni ni hatari kwake. Msomaji akiona kwamba nimempendelea Mjerumani kwa hesabu hii, na ajue kwamba wapiga mbizi walikwenda chini ya maji yale wakaopoa sehemu kubwa ya bunduki na risasi, risasi zilizolowa zikakaushwa na kutengenezwa upya, na silaha zile zikaingia mikononi mwa jeshi la Lettow-Vorbeck, ambalo halikusalimu amri mpaka Novemba 1918, huko Abercorn.